Niliyoyaona Ireland, na Kibao Chetu cha Shingoni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili, ambazo najua ni chache, niseme neno lililonikaa moyoni tangu likizo ya Agosti. Najua wenzangu wengine hawatalipenda, na viranja wenzangu huenda wakanikasirikia. Walakini wazee wamesema, mficha maradhi, kifo kitamwumbua. Basi heri niseme.

Mjomba wangu anafanya kazi ya uuguzi katika mji wa Dublin, huko Ireland. Mwaka huu aliniletea tiketi ya ndege nikakae kwake majuma matatu. Nilipokuwa kule, rafiki yangu mmoja akaja kunitembelea kutoka Uingereza. Wale tulioanza nao Senior One watamkumbuka. Ni kijana wa Tanga, ambaye baba yake alikuwa akifanya biashara Mbale. Tulisoma naye miaka miwili, kisha akahama na wazazi wake. Alivuka bahari kwa meli kutoka Holyhead, na alipofika tulizungumza usiku kucha. Asubuhi mjomba akatuambia, "Wageni hawaji Ireland kutazama maduka ya Dublin. Tembea uone." Tukaingia katika motokaa yake, mjomba, rafiki yangu, mimi, na binti ya mjomba mwenye miaka minane, tukashika njia ya magharibi.

Sitaki kuwachosha wasomaji kwa habari za safari yote. Nitasimulia yale tu yanayohusu neno langu.

Kwanza, kule motokaa hupita upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo sikuona ajabu. Kilichonishangaza ni vibao vya njiani. Kila kibao kina majina mawili. Juu kuna jina la Kiairishi kwa herufi za mlazo, na chini jina la Kiingereza kwa herufi kubwa. Dublin yenyewe huitwa Baile Átha Cliath, na Galway huitwa Gaillimh. Binti ya mjomba alitusomea yote bila kusita, maana Kiairishi hufundishwa katika shule za msingi za nchi ile. Tulipovuka mto Shannon pale Athlone, mto ulio mrefu kuliko yote ya Ireland, yapata kilomita 360, alikuwa akituhesabia moja mpaka ishirini kwa Kiairishi, na mjomba akicheka kwa furaha. Mimi pia nilifurahi. Nikamwambia rafiki yangu, "Tazama, mtoto wa kwetu amekuwa mwenyeji."

Tulipoupita mji wa Galway nchi ikageuka. Mashamba yenye rutuba yalikwisha, tukaona mawe matupu, maji ya bahari yakiingia na kutoka katikati ya nchi kavu, na kuta ndefu za mawe yaliyopangwa pasipo udongo wala saruji. Kondoo walikuwa wamepakwa rangi migongoni, wengine nyekundu, wengine buluu, ili kila mtu awajue wake. Kando ya njia kulikuwa na vichuguu vya udongo mweusi unaochimbwa katika mabwawa, ukakatwa kama matofali na kuanikwa upate kuwashwa motoni badala ya kuni. Njia ilikuwa nyembamba, na kila tuliyepishana naye aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu yao. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena, kama mara sita kabla ya saa kumi.

Huko ndiko vibao vya njiani vilikopoteza Kiingereza. Lilibaki jina moja tu, la Kiairishi. Hata kibao cha pembe tatu kinachomwambia dereva awapishe wengine kiliandikwa "Géill Slí", basi. Mjomba akatueleza kwamba tumeingia katika sehemu ambazo serikali imezitambua kuwa ni za wasemaji wa Kiairishi, na sehemu hizo zimebaki chache, nyingi zikiwa pembezoni mwa bahari ya magharibi.

Usiku tulilala katika nyumba ya mzee mmoja anayepokea wageni. Binti ya mjomba akamwamkia kwa Kiairishi, "Dia duit," yaani Mungu awe nawe. Mzee akang'aa uso, akamjibu kwamba Mungu na Maria wawe naye, ndivyo salamu ile inavyojibiwa. Wakaendelea maneno mawili matatu. Kisha mzee akamwuliza kwa Kiingereza, "Na bibi yako aliye Afrika, yeye husema lugha gani?"

Mtoto akajibu, "Kigisu."

"Hebu nisalimie kwa Kigisu."

Mtoto akamtazama baba yake. Mjomba akatazama chini. Hakuna aliyesema. Mwisho mjomba akasema, "Hatukumfundisha. Tulidhani itamchanganya akili, na shuleni alikuwa na lugha mbili tayari."

Mzee yule hakucheka wala hakumlaumu. Aliongeza moto, akakaa, akasema, "Hata babu zangu walidhani hivyo." Ndipo akatueleza habari ya kijiti.

Ndugu wasomaji, sikilizeni habari hiyo. Shule za serikali zilianzishwa Ireland mwaka 1831, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Waingereza, na mafundisho yake yalikuwa kwa Kiingereza. Katika sehemu nyingi mtoto alifungwa kijiti shingoni. Kila aliposikiwa akisema Kiairishi, kijiti kilikatwa alama moja. Jioni mwalimu alihesabu alama, akampiga mtoto fimbo kwa hesabu hiyo. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba wazazi wenyewe walisaidia. Baba na mama ambao hawakujua Kiingereza sawasawa walikata alama katika kijiti cha mtoto wao nyumbani, ili mwalimu ajue. Hawakuwa wazazi wabaya. Walitaka watoto wapate kazi. Baadaye, tangu mwaka 1845, viazi viliingiwa na ugonjwa, na maskini wa Ireland walikuwa wakitegemea viazi kama sisi tunavyotegemea ndizi na muhogo. Watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakakimbilia ng'ambo. Waliokufa na waliohama wengi wao walikuwa watu wa magharibi, ndio wasemaji wa Kiairishi. Aliyebaki alimwona mwanawe kuwa ni msafiri wa Marekani wa kesho, na kwenda Marekani kulitaka Kiingereza. Basi kijiti na njaa vikafanya kazi pamoja.

Mzee alipokuwa akisimulia, mimi nilihisi joto usoni, wala halikuwa la moto ule. Nilikuwa nikifikiri kibao chetu.

Kila msomaji wa shule hii anakijua. Ni kipande cha mti chenye kamba. Anayesikiwa akisema lugha ya kwao huvikwa shingoni, naye hukivaa mpaka amsikie mwenzake akikosa, amvike yeye. Atakayekuwa nacho saa kumi na mbili jioni hufagia chumba cha kulia. Mimi ni kiranja, nacho hukaa kwangu. Nami nilikuwa mkali kuliko wote, nikajivuna kwa hilo.

Muhula wa kwanza, kijana mmoja wa Senior One aliitwa langoni. Kaka yake alikuwa amekuja kumwambia kwamba bibi yao amefariki. Nilipopita niliwakuta wameshikana, wanalia na kusema kwa lugha ya kwao. Kaka alipoondoka, nilimvika yule mtoto kibao. Alinitazama tu. Nikamwambia, "Kanuni ni kanuni." Jioni alifagia chumba cha kulia peke yake. Nilikuwa sijapata kumwambia mtu habari hii mpaka usiku ule, nilipomwambia rafiki yangu taa zilipozimwa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ulifanya kama ulivyofundishwa. Lakini sasa umekwisha ona."

Kesho yake tulifika Ros Muc, tukaiona nyumba ndogo ya Patrick Pearse juu ya kilima, karibu na ziwa. Baba yake Pearse alikuwa Mwingereza, walakini yeye alikipenda Kiairishi, akafungua shule karibu na Dublin mwaka 1908 ili watoto wafundishwe kwa lugha zote mbili. Mafundisho yale ya zamani aliyaita mashine ya kuua. Mwaka 1916 alipigwa risasi kwa sababu ya kuongoza maasi. Huenda mtu akasema, basi lugha ni jambo la vita. Sivyo. Nilichokipenda mimi ni kwamba shule yake ilikuwa ya lugha mbili. Hakuwaambia watoto watupe Kiingereza.

Tulipokuwa tukipita katika mabonde kuelekea mlima Croagh Patrick, tulibishana sana motokaani. Nitayaandika mabishano yetu kwa haki, maana wengi wenu mtayasema hayo hayo.

Mjomba alisema hivi, "Msiwalaumu walimu wenu bure. Shuleni mna Wagisu, Wateso, Wadama, Waganda. Kila kabila likikaa na lugha yake, mtakuwa makundi, na makundi huzaa ugomvi. Tena mitihani yote ni kwa Kiingereza. Mimi nimepata kazi hapa kwa Kiingereza nilichokipata shuleni."

Maneno hayo ni ya kweli, wala siwezi kuyapuuza. Nami nakipenda Kiingereza, na bila Kiingereza nisingalisoma kibao kimoja cha Dublin.

Rafiki yangu akajibu, "Kwetu makabila ni zaidi ya mia, na tunasikilizana kwa Kiswahili." Mimi nikafurahi, nikadhani tumeshinda. Lakini mjomba akamgeukia, "Bibi yako ni Mbondei. Wewe wakijua Kibondei?" Rafiki yangu akacheka cheko la aibu. Hakijui. Anajua kuomba maji na kuaga tu. Akasema, "Kweli, Kiswahili nacho kina kinywa kikubwa." Tukanyamaza wote, maana tuliona kwamba hakuna katika motokaa ile mtu asiyekuwa na deni: mjomba kwa binti yake, rafiki yangu kwa bibi yake, na mimi kwa mtoto wa Senior One.

Tena tusidhani kwamba serikali ikitoa amri tu, mambo yatakuwa sawa. Ireland ilipata serikali yake mwaka 1922. Katiba ya mwaka 1937 ilikifanya Kiairishi kuwa lugha ya taifa na lugha ya kwanza ya serikali. Kina redio yake tangu mwaka 1972, na televisheni yake tangu mwaka 1996. Mwaka 2007 kikawa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Hata hivyo, katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, watu 1,873,997 walisema kwamba wanakijua, lakini waliokisema kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Linganisheni hesabu hizo mbili. Kuifukuza lugha majumbani kulichukua vizazi vichache. Kuirudisha kumechukua zaidi ya miaka mia moja, na kazi bado haijakwisha.

Na amri ikizidi, watu huikataa hata ikiwa ni ya lugha yao wenyewe. Mjomba alituambia habari za mji mmoja wa kusini, katika jimbo la Kerry, unaojulikana kwa Kiingereza kama Dingle. Mwaka 2005 serikali iliondoa jina lile la Kiingereza katika vibao, likabaki la Kiairishi peke yake. Wenyeji walikasirika. Mwaka 2006 wakapiga kura, na wengi sana wakataka majina yote mawili, na mwaka 2011 sheria ikawarudishia. Hilo nalo ni fundisho kwetu. Lugha haipendwi kwa kulazimishwa, iwe ya kigeni au ya nyumbani.

Nasi Uganda tunajua jambo hili. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa, wakati wa utawala wa kijeshi, na wazee wetu wengi wakakiona kuwa ni lugha ya bunduki. Kwa ajili hiyo mpaka leo wako wazazi wasiotaka kukisikia. Katiba ilipobadilishwa mwaka 2005, Kiswahili kiliandikwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai mwaka 2022 baraza la mawaziri likakubali kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Ni vema. Lakini hapa kwetu kurasa za Kiswahili za gazeti hili ni nne tu, na wanaoziandikia tunajuana kwa majina. Sheria bila mapenzi ni kama jembe lisilo na mpini.

Sasa nasema shauri langu, nalo lina sehemu tatu.

La kwanza, kibao kiondolewe. Kiingereza kiendelee kutumika darasani na mkutanoni, na anayekosea asahihishwe kama tunavyosahihishwa hesabu. Sijapata kuona mtu aliyevikwa kibao kwa sababu ya kukosea hesabu. Mtoto aliyefungwa kibao hajifunzi Kiingereza, bali hujifunza kunyamaza. Watazameni wa Senior One mezani, mtaona.

La pili, Jumamosi jioni iwe ya Kiswahili, kwa mazungumzo, mabishano na michezo ya kuigiza. Hilo litajibu hofu ya makundi, maana Kiswahili si cha kabila moja hapa, na kila mtu atajikwaa sawa na mwenzake. Mimi mwenyewe rafiki yangu alinicheka siku tatu kwa Kiswahili changu, na kwa kuchekwa nilijifunza.

La tatu, kila mwanafunzi akienda likizo akae na bibi au babu yake, aandike methali kumi au hadithi moja kwa lugha ya kwao, na maana yake kwa Kiswahili. Gazeti hili lizichapishe. Kwa njia hiyo Mgisu atasoma hekima ya Mteso, na Mteso ya Mgisu, na hakuna atakayesema kwamba wenzake wanamsengenya kwa lugha asiyoijua.

Watu wengine watasema kwamba hayo ni kutukana wamisionari waliotujengea shule. Hapana. Ireland hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea Mama Kevina, aliyezaliwa katika jimbo la Wicklow mwaka 1875, akafika Uganda mwaka 1903, na wazee wetu walimpenda. Nchi ile imetupa mema mengi. Na itupe na hili moja pia, yaani kosa lake, ili tusilirudie. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Msala ni mzuri, nami nimeukalia. Lakini mbacha ni wa nyumbani.

Tuliporudi Dublin, binti ya mjomba alisema anataka kumpigia bibi simu. Njiani alikuwa ameniomba nimfundishe neno moja, nami nilimfundisha "Mulembe", ndiyo salamu yetu, maana yake amani. Bibi alipoisikia aliuliza ni mtoto wa nani huyo. Alipoambiwa, alijibu salamu, akaendelea kusema kwa haraka mambo mengi, kama mtu aliyekuwa akingoja miaka minane. Mtoto hakuelewa hata neno moja. Alishika simu akisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamweleza, lakini baada ya maneno kadha nami nikakwama, kwa sababu bibi alitumia maneno ambayo hata mimi siyajui.

Niliporudi shuleni nilimtafuta yule kijana wa Senior One, nikamwomba radhi. Akasema, "Haidhuru, kaka." Sijui kama ni kweli. Kisha nikamwendea mwalimu wa zamu, nikamwambia kwamba kibao kimo sandukuni mwangu, nami sitakivika tena shingoni mwa mtu. Nikamwambia kwamba, ikiwa ni lazima kivaliwe, basi achaguliwe kiranja mwingine, nami sitanung'unika. Alinitazama sana, akaniambia niandike sababu zangu gazetini, walimu wazisome kabla ya mkutano wao wa mwisho wa muhula.

Sababu zangu ndizo hizi. Mwenye neno la kunipinga na aandike, kwa Kiswahili, nami nitamsoma kwa heshima.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Senior Six